Kama Mkataba wa Versailles ndio uliomleta Hitler, mbona mwaka 1928 alipata asilimia 2.6 tu ya kura?

Mwalimu_Buswelu

Habari zenu ndugu zangu. Ninafundisha Historia kidato cha sita hapa Mwanza. Wiki iliyopita nilieleza darasani kama ninavyoeleza kila mwaka: kwamba Wajerumani walishindwa vitani, wakatwishwa Mkataba wa Versailles tarehe 28 Juni 1919, mwaka 1921 wakapangiwa fidia ya marki za dhahabu bilioni 132, wakafukarika, na kwa uchungu huo wakamkimbilia Hitler. Binti mmoja anayekaa dawati la nyuma akanyoosha mkono. Akasema: "Mwalimu, jedwali ulilochora ubaoni linaonyesha kwamba mwaka 1928, miaka tisa baada ya mkataba, chama cha Hitler kilipata asilimia 2.6 ya kura na viti 12 vya Bunge. Uchungu ulikuwa umekwenda wapi?"

Nilimwahidi kwamba tutalijadili kipindi kijacho, na tangu siku hiyo swali lake halijanitoka kichwani. Naomba mnisaidie kuielewa miaka ya mwanzo ya chama hicho: nani alikianzisha, na nani alikilea kikiwa bado kichanga hata kisife.

Mzee_wa_Pasiansi

Mwalimu, binti huyo amegusa penyewe. Mpe hongera zangu.

Chama kilianzishwa Munich tarehe 5 Januari 1919, yaani kabla Mkataba wa Versailles haujatiwa saini. Mwanzilishi wake, Anton Drexler, alikuwa fundi makufuli katika karakana ya reli, na mwenzake Karl Harrer alikuwa mwandishi wa habari za michezo. Kiliitwa Chama cha Wafanyakazi wa Ujerumani, na kilikuwa kikundi cha watu wachache waliokutana katika vyumba vya nyuma vya vilabu vya bia. Hitler alikwenda kwenye mkutano wao kwa mara ya kwanza tarehe 12 Septemba 1919, akiwakuta watu wapatao arobaini. Wengi hufundishwa kwamba alikwenda huko kama raia mwenye njaa aliyekuwa akitafuta mkombozi. Sivyo. Alikuwa bado askari anayelipwa mshahara, na aliyemtuma ni kitengo cha jeshi kilichoongozwa na Kapteni Karl Mayr, ambacho kazi yake ilikuwa kupeleleza vyama na kueneza propaganda miongoni mwa askari. Alipojiunga alipewa kadi namba 555, lakini hesabu ya wanachama ilikuwa imeanzia 501 ili chama kionekane kikubwa.

Tarehe 24 Februari 1920, katika ukumbi wa Hofbräuhaus, waliweza kukusanya watu wapatao 2,000, na Hitler akawasomea programu ya chama yenye hoja 25. Alivua sare za jeshi mwisho wa Machi mwaka huo. Desemba 1920 chama kilinunua gazeti, na sehemu kubwa ya fedha, marki 60,000, ilitoka katika mfuko wa jeshi kupitia kwa Jenerali Franz von Epp. Sasa jiulize, Mwalimu: ni wanachama gani wa chama cha mafundi reli wanaoweza kuchangishana fedha ya kununua gazeti zima? Hasira ya wananchi ilikuwepo, siikatai, lakini mtoto huyu alikuwa na mlezi, na mlezi wake alikuwa na ofisi, mshahara na mhuri wa serikali. Kufika Julai 1921 Hitler alikuwa mwenyekiti mwenye madaraka yote, na Drexler akabaki na cheo cha heshima tu.

Mama_Dagaa_Mwaloni

Shikamoo mzee. Ninakubaliana nawe kuhusu jeshi, lakini naomba suala la fedha lisipitwe haraka, kwa sababu sisi tunaouza dagaa Mwaloni tunalijua kwa mikono yetu. Mimi nikipanga bei ya gunia asubuhi na jioni nikakuta fedha niliyopokea haiwezi kununua gunia jingine, basi siku hiyo nimefanya kazi ya kumaliza mtaji wangu mwenyewe. Kwangu hilo ni jambo la msimu mbaya. Kwa Wajerumani lilikuwa la nchi nzima. Mwaka 1914 dola moja ya Marekani ilikuwa marki 4.2, Novemba 1923 dola hiyo hiyo ilikuwa marki trilioni 4.2. Mjane aliyeweka akiba benki maisha yake yote alibaki na karatasi.

Na angalieni tarehe. Januari 1923 majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji yaliingia bonde la Ruhr, eneo la viwanda na makaa ya mawe, kudai fidia, serikali ikachapa noti ili kuwalipa wafanyakazi waliogoma, na katika miezi hiyo hiyo chama cha Hitler kilijaa hadi kufikia wanachama wapatao 55,000. Mwezi Novemba ilitoka fedha mpya, bei zikatulia. Katika uchaguzi wa Mei 1924 Wanazi, wakiwa ndani ya muungano na wenzao, walipata asilimia 6.5, Desemba mwaka huo huo, asilimia 3. Kwa hiyo mwambie binti kwamba uchungu ulikuwa na saa zake. Ulipopoa, watu walirudi kwenye shughuli zao.

Babu_wa_Ukerewe

Mama, umesema vyema, ila kuna uchungu usiopoa kwa fedha mpya, nao ni ule uliojengwa juu ya uongo. Tarehe 29 Septemba 1918 Jenerali Ludendorff mwenyewe ndiye aliyemwambia Kaisari kwamba vita vimeshindikana na lazima amani iombwe mara moja. Lakini majenerali hawakwenda kutia saini. Walimwachia raia, Matthias Erzberger, akatia saini makubaliano ya kusitisha vita tarehe 11 Novemba, na mwaka uliofuata majenerali hao hao wakasimama mbele ya kamati ya Bunge wakidai kwamba jeshi lilichomwa kisu mgongoni na watu wa nyumbani. Waliotajwa kuwa wachomaji ni wanasoshalisti na Wayahudi. Erzberger aliuawa kwa risasi tarehe 26 Agosti 1921. Mtu aliyebeba aibu ya majenerali ndiye aliyelipishwa kwa damu. Nikilisoma jambo hili huwa ninasimama kidogo kabla sijaendelea.

Nina sababu ya kulifuatilia. Babu wa mama yangu alichukuliwa hapa Ukerewe kubeba mizigo ya Wajerumani, na aliporudi alileta sarafu moja ya shaba ya njano, ya heller 20, yenye taji, herufi D.O.A. (yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani) na mwaka 1916. Ni zile zilizotengenezwa Tabora wakati wa vita. Ninayo mpaka leo, imefungwa katika kitambaa, na taji limefutika upande mmoja kwa kushikwashikwa. Kamanda wao, Lettow-Vorbeck, alipofika kwao alipokewa kama shujaa ambaye hakushindwa, na Machi 1920 akaunga mkono jaribio la kuipindua serikali ya jamhuri iliyochaguliwa. Hata yale mashati ya kahawia ya mgambo wa Hitler yalitokana na akiba ya mashati yaliyoshonwa kwa ajili ya askari wa koloni letu, yakabaki ghalani. Na hoja ya tatu kati ya zile 25 inadai ardhi na makoloni. Maana yake ni sisi. Wanafunzi wanaopita kila siku karibu na Jiwe la Bismarck, lenye jina la kansela wa Ujerumani, wanastahili kulisikia hilo darasani.

Wakili_Capripoint

Wazee wangu, naomba niongeze upande wa mahakama, kwa kuwa hapo ndipo chama hiki kilipaswa kufia.

Usiku wa tarehe 8 Novemba 1923 Hitler aliuvamia ukumbi wa Bürgerbräukeller akiwa na watu wenye silaha, akatangaza kwamba serikali imepinduliwa. Kesho yake maandamano yao yalizuiwa kwa risasi; polisi wanne waliuawa, na Wanazi 16 pia. Huo ni uhaini wa wazi. Kisheria kesi ilipaswa kusikilizwa na mahakama ya taifa mjini Leipzig, lakini Bavaria, jimbo ambalo Munich ni mji wake mkuu, iliing'ang'ania Munich. Jaji Georg Neithardt alimwachia mshitakiwa ahutubie kwa saa nyingi kana kwamba kizimba ni jukwaa, na magazeti yakayapeleka maneno yake nchi nzima. Ludendorff, aliyeshiriki uasi huo, aliachiwa huru. Hitler alihukumiwa miaka mitano tarehe 1 Aprili 1924, na alitoka gerezani tarehe 20 Desemba mwaka huo huo. Zaidi ya hayo, alikuwa raia wa Austria, na sheria ya kuilinda jamhuri iliagiza mgeni mwenye kosa la uhaini afukuzwe nchini. Mahakama ilikataa kuitumia kwa hoja kwamba mtu huyu anafikiri na kuhisi kama Mjerumani.

Haikuwa bahati ya mtu mmoja. Mwanahisabati Emil Julius Gumbel aliyahesabu mauaji ya kisiasa ya miaka hiyo ya mwanzo: 354 yalifanywa na watu wa mrengo wa kulia na 22 na wa mrengo wa kushoto, na adhabu nzito ziliwaangukia hao wa pili.

Mwalimu_Buswelu

Nashukuru sana. Nimelifuta jedwali langu na kuliandika upya, safari hii nikianzia Januari 1919 badala ya Juni, na nimeongeza safu ya tatu inayoonyesha nani alitoa fedha au hukumu. Wakili, nisaidie jambo moja la mwisho, kwa sababu najua binti ataliuliza: chama kilichopigwa marufuku baada ya uhaini kilirudije?

Wakili_Capripoint

Mwalimu, kilirudi kwa kuomba. Januari 1925 Hitler alikwenda kumwona Waziri Mkuu wa Bavaria, Heinrich Held, akaahidi kwamba sasa atafuata sheria. Marufuku ikaondolewa Februari. Tarehe 27 mwezi huo alikizindua chama upya katika ukumbi ule ule wa Bürgerbräukeller alikofanyia uasi, na hotuba yake ilikuwa kali kiasi kwamba siku chache baadaye Bavaria ilimkataza kuhutubia hadharani hadi mwaka 1927. Lakini haikukikataza chama. Kwa hiyo mwambie binti asiangalie viti 12 peke yake: mwaka huo wa 1928 kilikuwa na wanachama wapatao laki moja, kikiwa na viongozi hadi mikoani, na uchaguzi uliofuata, wa Septemba 1930, ulikuja wakati viwanda vimeanza kufungwa. Kilipata viti 107.