HIF ikiwashwa baada ya figo kuumia: inaponya au inaongeza kovu?

Swali
Wakuu, HIF ni protini inayowasha jeni za kukabili uhaba wa oksijeni, na PHD ni vimeng'enya vinavyofanya ivunjwe. Kwa panya, dawa za kuzuia PHD zikitangulia kabla mshipa wa figo haujabanwa, figo huumia kidogo. Zikitolewa baada ya jeraha, faida haieleweki. Kwa nini, na HIF ni ile ile kwenye seli zote? Halafu, mbona HIF-1α (kipande cha HIF-1 kinachovunjwa oksijeni ikiwepo) haionekani kwenye Western bloti (kipimo cha kutambua protini kwa mistari) hata tishu ikikosa oksijeni waziwazi?

Jibu 1
Mkuu, suala ni muda. Oksijeni ikiwepo, PHD2 (mojawapo ya PHD) huweka alama kwenye asidi amino za prolini namba 402 na 564 za HIF-1α, protini ya VHL huinasa, proteasomu (mashine ya seli ya kuvunja protini) huivunja. Ukizuia PHD mapema, damu inapokatika seli zimeshahamia glikolisisi (kuvunja sukari bila oksijeni) na zinatumia oksijeni kidogo. Ukichelewa, sehemu ya S3 ya mirija ya figo (kipande cha mwisho cha mrija wa karibu) imeshakufa. Ipo medula ya nje (tabaka la ndani ya figo), ambako hata kwenye figo yenye afya shinikizo la oksijeni huwa mmHg 10 hadi 20 tu.

Jibu 2
Kweli, ila usisahau ni seli ipi. HIF-2 (ndugu ya HIF-1) kwenye kuta za kapilari (mishipa midogo kabisa ya damu) hulinda: hupunguza uvimbe na seli nyeupe kunata. HIF-1 kwenye mirija ni kisu chenye makali kuwili. Siku za mwanzo inasaidia. Lakini kapilari zikipotea, oksijeni haipandi tena, HIF-1 inabaki imewaka kwa wiki kadhaa, na hapo inasukuma fibroblasti (seli zinazotengeneza kovu) kumwaga kolajeni. Ndiyo maana kupima kreatinini (taka ya damu inayoonyesha kazi ya figo) ya saa 24 baada ya jeraha peke yake hakutoshi hata kidogo. Angalia kovu na idadi ya kapilari wiki kadhaa baadaye. Kwa binadamu, roxadustat na daprodustat (dawa za kuzuia PHD) zimeidhinishwa kwa upungufu wa damu wa ugonjwa sugu wa figo, si kwa jeraha la ghafla.

Jibu 3
Kuhusu bloti: HIF-1α ikipata hewa, nusu yake huisha ndani ya kama dakika 5. Gandisha figo kwenye naitrojeni ya kimiminika papo hapo, isagie kwenye bafa baridi yenye MG132 (huzuia proteasomu) na DMOG (huzuia PHD), kisha tumia protini za kiini cha seli. Tafuta mstari karibu na kDa 120, si 93 inayotokana na hesabu ya asidi amino.

Pimonidazoli, kemikali inayonata kwenye seli zenye uhaba wa oksijeni (mg 60 kwa kilo ya uzito, saa moja kabla ya kutoa figo), huonyesha palipo na oksijeni chini ya mmHg 10, ila seli iliyokufa haishiki rangi. Eneo jeupe katikati ya jeraha lisisomwe kuwa lina oksijeni.