Siku ya familia shambani Arusha: tumelipia "ujuzi wa porini", mtoto wa dada yangu karudi na jicho limefumba

Wakuu, habari za jioni. Modi naomba msiunganishe uzi huu na ule wa sehemu za kutembelea wikiendi, maana hili si la kutembelea, ni la kuonya.

Jumamosi iliyopita nilipeleka watoto watatu, wawili wangu na mpwa wangu wa miaka tisa, kwenye siku ya familia shamba moja njia ya Moshi, ukishapita Tengeru. Tangazo lilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp wiki mbili nzima. Nyama choma, farasi, bembea, na lililonivuta mimi: "Ujuzi wa Porini kwa Watoto. Kuwasha moto bila kiberiti, kusafisha maji, kuijua mimea." Mkubwa 35,000, mtoto 20,000. Nikatoa 95,000 yangu bila kunung'unika.

Sikunung'unika kwa sababu nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka sita. Sisi wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, tulijifunza haya mambo kwa baridi na njaa. Watoto wangu wanajua jiko la gesi na simu tu, nikataka waone moto unavyozaliwa mkononi mwa mtu. Hiyo ndiyo pesa niliyolipa.

Mtaalamu wao alikuwa kijana wa kaki tupu, kisu kiunoni, kofia ya ukingo mpana. Kaanza na moto. Kaleta upinde wa kamba, kijiti na kibao, kapiga magoti mbele ya watoto kama arobaini. Kasokota dakika kumi, ishirini, nusu saa. Moshi hakuna. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale na shida niliiona mapema: kibao hakikuwa na pengo. Anayejua anaelewa. Lazima ukate pengo pembeni ya kitundu ili unga wa mti udondoke na kukusanyika sehemu moja penye hewa. Bila pengo unga unabaki tunduni, kijiti kinalisugua tundu mpaka linang'aa na kuteleza, basi tena. Unga ukiwa wa kahawia endelea. Ukiwa mweusi na moshi ukaendelea kutoka hata baada ya kuacha kusokota, hapo una kaa. Yeye hata unga hakuupata.

Nadhani mnajua kilichofuata. Mwenzake kajifanya anapanga kuni, na chupa ya maji ya lita moja mkononi. Ile harufu ilinifikia kabla hajamaliza kumimina. Petroli! Mbele ya watoto, kwenye nyasi za Septemba zilizokauka hadi zinavunjika ukikanyaga, hakuna ndoo ya mchanga wala ya maji karibu. Moto ukaruka juu, watoto wakapiga makofi, mtaalamu akainua mikono kana kwamba kaupata kwenye kile kibao. Oktoba 2020 tulikaa Moshi mjini tunaangalia mlima unaungua siku baada ya siku. Oktoba 2022 ukawaka tena. Halafu mtu anakuja kuwaonyesha watoto wetu kwamba moto wa porini ni kumwaga petroli.

Maji nayapitia haraka. Alichuja maji ya mfereji kwa kitambaa, mchanga na mkaa, yakatoka meupe, akasema "sasa ni salama kabisa", na watoto wawili wakanywa. Ndugu zangu, kuchuja hivyo kunaondoa tope, hakuui vijidudu, lazima uchemshe. Na maji ya upande huu wa Meru mengi yana floridi, ndiyo maana ndugu zetu wengi wana meno ya kahawia. Floridi haitoki hata ukichemsha, na mkaa ule wa kuni hauigusi. Inayosaidia ni mkaa wa mifupa, na pale Ngurdoto kuna kituo kimefanya kazi hiyo miaka mingi. Unafundisha maji Arusha na neno floridi halikutoki mdomoni?

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo damu inaponichemka.

Wakati wa chakula mwanangu wa kiume alikimbilia getini. Mlinzi wa pale ni mzee wa Kimaasai, mtu mzima kabisa, nywele nyeupe. Alikuwa ameuona ule moto wa uongo kwa mbali. Mwanangu kamwamkia shikamoo babu, akamuuliza kama yeye anaweza. Mzee hakujibu. Kaingia nyuma ya kibanda, katoka na kipande cha ubao mkavu na kijiti kirefu kilichonyooka. Kamuita kijana mwenzake wa zamu. Kachonga kitundu kwa sime, kakata pengo (nilitabasamu peke yangu), chini ya pengo kaweka mavi makavu ya punda yaliyosagwa mkononi. Wakaanza kupokezana, viganja vinashuka kwenye kijiti, mmoja akifika chini mwingine ameshashika juu, kijiti hakisimami hata sekunde. Watoto watano wamechuchumaa, hakuna anayeongea. Unga ukaanza kahawia, ukawa mweusi, moshi ukatoka uzi mwembamba. Mzee akasimamisha kijiti na moshi ukaendelea wenyewe. Binti yangu akaniangalia. Sijawahi kuyaona macho yale akiwa na simu.

Mzee alikuwa ndiyo kwanza anainua lile kaa alipulize, dada mratibu akafika na redio yake ya mkononi. "Mzee, rudi getini, wageni wanaingia. Watoto, shughuli iko kule kwa mtaalamu." Yule mzee kaweka kijiti chini, karudi getini. Hakusema neno. Kaa likafa pale chini.

Watoto wakaswagwa kurudi kwa mtaalamu, na mpwa wangu akiwemo. Mimi nilibaki kumpa mzee pole na ahsante, dakika kama tano. Kumbe kule mtaalamu kawaambia kila mtoto akavunje kijiti cha kuchomea soseji kwenye uzio. Uzio wenyewe ni mnyaa.

Mnyaa! Mti ambao kila mtoto wa mfugaji anajua usiuguse ukajipikicha. Wamaasai wanauita emanyara, na inasemekana ndio ulilipa Ziwa Manyara jina lake, kwa jinsi ulivyozungushiwa maboma. Ukivunja tawi linatoa utomvu mweupe kama maziwa, na ule utomvu jichoni ni moto. Mpwa wangu kavunja tawi, likamrukia. Nilisikia mlio, nikajua ni wake kabla sijageuka.

Aliyefika wa kwanza ni yule mzee, na dumu la maji la lita ishirini. "Asijipikiche! Mshike mikono! Maji, maji mengi!" Tukamlaza chini, mimi nimefungua kope kwa vidole, mzee anamimina polepole kutoka upande wa pua kwenda nje, ili yasiingie jicho la pili. Zaidi ya robo saa. Mtaalamu kasimama pembeni, kisu chake kiunoni. Sanduku la huduma ya kwanza lilipoletwa lilikuwa na plasta, pamba na vidonge vya maumivu. Mama mmoja kaja na maziwa, nia yake njema, nikamzuia. Gari la kutupeleka hospitali nilikodi mwenyewe.

Daktari kasema kioo cha jicho kimeungua juujuu, na kama asingeoshwa palepale hali ingekuwa mbaya zaidi. Katoa matone na dawa ya kupaka. Siku mbili mtoto hakuweza kulifungua kabisa, analala dirisha limefunikwa shuka ili mwanga usimpige. Dada yangu hajanilaumu kwa mdomo. Mimi ndiye niliyemwambia, "Nipe mtoto, nakwenda naye mahali pazuri."

Jumatatu nikampigia mratibu. Kwanza kasema mtoto ana mzio. Huo si mzio, utomvu wa mnyaa unaunguza jicho la mtu yeyote, lako na langu. Pili kasema wazazi tunatakiwa kuangalia watoto wetu. Nilikuwa namwangalia, nilipokuwa getini na mtoto akiwa pale pale, mpaka mratibu mwenyewe alipokuja kumwondoa! Tatu, kiingilio hakirudishwi. Nne, akanitumia ujumbe kwamba yule mzee "ameonywa" kwa kuacha lindo.

Nimesoma huo ujumbe mara tatu. Mzee aliyeokoa jicho la mtoto ameonywa. Kijana aliyewapeleka watoto arobaini kwenye mnyaa ameshatangazwa kwa siku ya familia ya mwezi ujao.

Kiingilio changu wanaweza kubaki nacho. Ninachotaka ni walipe dawa na gari, risiti zote ninazo. Wamuombe radhi yule mzee mbele ya watu, na wamlipe yeye na mwenzake kufundisha, au wafute hilo neno "ujuzi wa porini" kwenye tangazo. Na ule uzio uwekewe kamba watoto wasiufikie.

Wazazi mliokuwepo, kuna watu niliwaona wanarekodi wakati wa petroli na pale getini. Naomba video, njooni PM. Wanasheria wa humu, nianzie wapi: serikali ya kijiji, polisi, au niandike barua kwanza? Keshokutwa saa tatu asubuhi tunarudi kliniki ya macho, nitaleta mrejesho hapa hapa.

NYONGEZA: Mdau hapo chini kauliza kwa nini nisimtafute mzee mwenyewe. Nimeshakwenda, leo jioni. Nilimkuta getini. Kitu cha kwanza aliuliza ni, "Mtoto anaona?"