Kashfa ya msasa katika kriketi, Cape Town 2018: adhabu ilikuwa ya haki?

Swali: Kwa nini ICC (baraza la kimataifa la kriketi) ilimfungia Steve Smith, nahodha wa Australia, mechi 1 tu, ilhali bodi ya Australia ilimfungia miezi 12?

Jibu: Wakati ule kuchezea mpira (kuuharibu makusudi, kama kwa msasa) kulikuwa kosa la daraja la pili. Bodi ilitumia kanuni zake yenyewe. Warner, naibu nahodha, alipata miezi 12; Bancroft, aliyetumia msasa, 9. Julai 2018 ICC ilipandisha kosa hadi daraja la tatu, kifungo hadi mechi 6 za Test (mechi za siku tano).

Jibu: Upande mmoja ukikwaruzwa na mwingine kung'arishwa, mpira mkuukuu hupinda hewani. Waamuzi wakithibitisha, huubadilisha na kuwapa timu inayopiga mikimbio (pointi) 5. Cape Town waamuzi hawakuona mikwaruzo kwenye mpira, hawakutoa kitu. Naona hilo ni pengo: jaribio nalo ni udanganyifu.