Likizo ndefu ya udaktari: utafiti au kupumzika? Tupeane uzoefu

Wakuu, namaliza mwaka wa kwanza wa udaktari, likizo ni wiki nane. Mwalimu wangu wa fiziolojia kaniambia niingie kwenye utafiti wake. Nimechoka mno, na nyumbani wananisubiri. Jibu analitaka Ijumaa. Mliopita hapa, mlifanyaje?

—

Mwaka wa nne hapa. Nilikubali siku hiyohiyo bila kuuliza kama kibali cha kamati ya maadili kimeshatoka. Kumbe bado. Wiki tano sikuruhusiwa kugusa faili hata moja la mgonjwa. Nikawa naandika utangulizi, nafuta, naandika tena. Kibali kinatoka, zimebaki wiki tatu na mafaili mia mbili na ushee. Faili moja ukurasa wa kwanza mgonjwa ana miaka 47, wa pili ana 74. Nikajaza 47 kwa kukisia. Msimamizi akaliona, akanirudisha masjala nikatafute tarehe ya kuzaliwa. Alikuwa na 74, na dozi zake zote zilikuwa za mtu mzima wa umri huo. Tangu siku ile sijazi chochote wodini kwa kukisia. Kazi yenyewe niliimalizia usiku, muhula umeshaanza, na ilinichosha kweli.

Kwa hiyo mdogo wangu, kabla ya Ijumaa uliza: kibali kipo? Data zimeshakusanywa? Takwimu anachakata nani? Na jina lako litakuwepo kwenye makala? Usione aibu, msimamizi mzuri hakasiriki kuulizwa hayo.

—

Mimi nilikataa. Mama alikuwa anaumwa, nikakaa naye likizo nzima. Utafiti nilikuja kuufanya mwaka wa tatu, tena kwa swali nililolitoa wodini mwenyewe. Sijutii hata kidogo.

—

Kama una sapu (mtihani wa marudio), soma sapu kwanza.

—

Anayefikiria kubobea Marekani aongeze hili kwenye hesabu zake: tangu Januari 2022 USMLE Step 1, hatua ya kwanza ya mtihani wa leseni ya udaktari wa kule, haitoi alama, ni kufaulu au kufeli tu. Kwa hiyo mambo mengine kwenye maombi yako, utafiti ukiwemo, yanatazamwa zaidi. Kama hulengi huko, usijitese kwa sababu hiyo.

—

Wanaosema mwanafunzi hana la kuchangia wamkumbuke Paul Langerhans. Vile visiwa vya kongosho tunavyokariri, yaani vikundi vya seli vinavyotengeneza insulini, alivieleza mwaka 1869 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, na kazi yake ilikuwa kukaa na darubini na kuangalia kwa makini. Kazi ya kuitoa insulini hiyo kwenye kongosho ikaja kufanikiwa 1921.

—

Mtoa mada narudi. Nimemuuliza yote manne. Kibali kipo, data zipo, za takwimu kuna mtu. Kuhusu jina, amesema nitaandikwa iwapo nitashiriki kuandika makala, siyo kujaza jedwali tu. Nimeomba wiki mbili za mwisho niende nyumbani, amekubali. Naanza Jumatatu. Aliyewahi kusafisha data kwenye Excel anielekeze, naanzia wapi?