Mjadala: Tume ya haki za binadamu ipewe rungu la mahakama au ufunguo wa mahabusu?

Mwanzisha mada
Kanuni za Paris, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Desemba 1993, zinataka tume ya taifa iwe huru, imsikilize yeyote na ipate nyaraka inazozihitaji. Hazilazimishi uamuzi wake uwe amri, na hapo ndipo nchi zinapoachana. Uganda, kwa ibara ya 53 ya Katiba ya 1995, tume huita mashahidi, huamuru mtu aachiwe, huamuru fidia. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu. Tanzania na Ghana tume hupendekeza, na miezi mitatu ikipita bila hatua ya kuridhisha inaweza kwenda mahakamani. Afrika Kusini, Agosti 2024, Mahakama ya Juu ya Rufaa ilisema maagizo ya tume yao hayamfungi anayeagizwa.

Mimi niko na Uganda. Mtu aliyevunjwa mkono kituoni amekwisha kusikilizwa na tume. Kumrudisha mwanzo mbele ya jaji ni kumtesa mara ya pili.

Sheria Kwanza
Ibara umeisoma sawasawa, lakini tazama mwisho wake. Fidia inaamriwa na tume, hazina ndiyo yenye fedha, na tume ya Uganda yenyewe imelalamika mara nyingi kwamba malimbikizo hayalipwi. Amri isiyo na fungu katika bajeti ni karatasi tu, hata ikiwa na muhuri wa mahakama.

La pili: anayekusanya ushahidi asiwe ndiye anayeupima. Ofisi moja ikipeleleza na kuhukumu, wakili wa mlalamikiwa ataanzia hapo hapo kuuvunja uamuzi, na atakuwa na hoja.

Daftari la Zamu
Nyote mnabishana juu ya hukumu wakati faili linafika kwenye hukumu likiwa tupu. Malalamiko ya mateso hufia siku za mwanzo. Kamera za kituo hurekodi juu ya picha za zamani hifadhi ikijaa. Michubuko hufifia, na Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza mateso, inaonya kwamba rangi yake haitoshi kutaja tarehe ya kipigo. Daftari la mahabusu huandikwa upya, au jina huchomekwa kati ya mistari miwili kwa wino tofauti.

Sasa angalia njia ya kawaida: tume inaandika barua kwa mkuu wa kituo, inampa wiki kadhaa ajibu, jibu linaandikwa na yule yule anayelalamikiwa. Barua imeshamwambia cha kuficha.

Ninachotaka kiwe ndani ya sheria ni hiki. Wachunguzi waingie bila taarifa, saa yoyote, wakianzia kwenye daftari kabla ya kuongea na yeyote. Wapige picha kurasa zote za juma husika, si ukurasa wenye jina la mlalamikaji peke yake, maana kurasa za jirani ndizo zinazoonyesha namba zilizoruka. Walinganishe daftari la mahabusu, kitabu cha matukio na orodha ya zamu. Kughushi kimoja ni rahisi, kughushi vyote vitatu vikakubaliana ni kazi. Watoe papo hapo hati ya kuzuia kufuta picha za kamera. Mahabusu ahojiwe mahali ambapo askari hawezi kusikia, na daktari amwone siku hiyo hiyo, askari akiwa nje ya chumba. Kila kilichochukuliwa kiorodheshwe na kusainiwa kila kinapobadili mikono, la sivyo mahakamani kitakataliwa.

Na wachunguzi wawe waajiriwa wa tume. India kitengo cha uchunguzi cha tume kimetegemea polisi walioazimwa, na wakaguzi wa kimataifa wamelikosoa hilo mara kwa mara. Askari aliyeazimwa kesho anarudi kwa mkuu wake wa jana.

Mwanzisha mada
Hoja ya daftari naikubali, na inanitia uchungu kwamba sikuanza nayo. Lakini ufunguo huo una mlango usiofungua. Sheria ya India ya 1993, kifungu cha 19: malalamiko yakihusu majeshi, tume inaomba taarifa kwa serikali kuu na kutoa mapendekezo, basi. Kifungu cha 36 kinaizuia kuchunguza jambo lililopita mwaka mmoja tangu litendeke. Aliyepigwa siku ya kwanza, kisha akafungwa miezi kumi na minne bila kuona wakili, anatoka muda umekwisha.

Sheria Kwanza
Kuna mlango mbaya zaidi. Uganda, Kenya na Tanzania, jambo lililoko mbele ya mahakama tume hairuhusiwi kuligusa. Sababu ni njema, mahakama isiingiliwe. Ila kifungu kikiandikwa kwa upana, aliyepigwa akifunguliwa shtaka la kumshambulia askari, uchunguzi wa kipigo unaweza kusimamishwa kwa kisingizio hicho hicho. Kiandikwe hivi: "Tume haitatoa maoni juu ya hatia ya mshtakiwa, lakini kesi kuwepo mahakamani hakuizuii kukagua mahali, kuhifadhi ushahidi wala kumhoji mtu kuhusu namna alivyotendewa." Kwa kifungu hicho, nasaini leo.

Daftari la Zamu
Ongeza "wala kumpeleka kwa daktari".