Mjadala: Risala, soda na picha, halafu tunaandika "watoto walishirikishwa"?

Wakuu wa Mtwara na Lindi, naanzisha hili. Kwenye taarifa za vikao vya wadau mstari haukosi: "watoto walishirikishwa." Tunaohudhuria tunajua. Wanaletwa viranja, sare zimenyooshwa, mmoja anasoma risala aliyoandikiwa, wanapiga picha na mgeni rasmi, wanapewa soda, basi.

Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki maamuzi yanayogusa ustawi wake. Mwaka huohuo Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa ilitaja masharti tisa: ushiriki uwe wa hiari, salama, usiobagua na kadhalika. La mwisho ni uwajibikaji, yaani watoto waelezwe maoni yao yalifanyiwa nini. Hapo ndipo tunapofeli. Nasema hivi: halmashauri isiyorudi shuleni na mrejesho isiruhusiwe kuandika ule mstari.

Mkulima Tandahimba: Mkuu, mnatuongezea vikao tu. Mtoto anajua nini kuhusu bajeti? Sisi wenyewe kwenye stakabadhi ghalani, huu mfumo wa kuuza korosho kupitia maghala, nani alituuliza?

Bi Mikindani: Kaka yangu, bajeti haijui, ila choo cha shule kisicho na mlango anakijua kuliko diwani. Na wewe kutoulizwa ndiyo sababu naye asiulizwe?

Mwalimu Newala: Risala tunaandika sisi, sikatai. Barua inafika leo, kikao kesho, ungefanyaje? Sharti la kwanza la kuandika ule mstari liwe muda wa kujiandaa. La pili, viranja peke yao wasitoshe. Ninao watoto ambao nyumbani ni Kimakonde tu. Ukiwasimamisha mbele ya meza kuu wanainamisha kichwa. Waache wakae wenyewe chini ya mwembe, utatafuta daftari la pili. Tarehe nazo ziangaliwe: msimu wa korosho kuna wanaoshinda shambani wakiokota, na likizo wengine wako jandoni au unyagoni.

Mwanzisha mada: Mwalimu, muda nauongeza kwenye masharti. Idhini ya mzazi nayo ni lazima, ila mzazi akikubali na mtoto akikataa, mtoto asiburuzwe. Sasa nani akague? Afisa ustawi wa jamii yuko chini ya halmashauri ileile. Mimi ningewapa baraza la watoto la kata wasaini wenyewe kwamba mrejesho umefika. Anayeona hawawezi aseme kwa nini.