Gonatus fabricii: mbona wavu wa kina unatoka bila wachanga?

Tunapima mtawanyiko wa ngisi hawa Bahari ya Norwei. Wavu unafunguliwa mita 300 hadi 500 lakini wachanga hawamo. Tatizo ni msimu au kina?

— Kina. Kiangazi wachanga hukaa juu, hasa mita 80 za kwanza. Joho (kiwiliwili cha ngisi, bila kichwa na mikono) likifika sentimita 5 hivi ndipo huanza kushuka chini ya mita 200. Fungua na ufunge wavu kwa kila tabaka. Ukiuacha wazi njia nzima, wa juu na wa chini watachanganyika.

— Na kipima mtiririko mdomoni, jamani! Bila ujazo wa maji yaliyochujwa, hesabu ya ngisi haina maana. Matundu madogo hunasa wa milimita chache, ila wavu huvutwa polepole na wakubwa hukwepa. Heri nyavu mbili. Sampuli za DNA ziende kwenye ethanoli ya asilimia 95, maana fomalini huiharibu.

— Antaktika nako ngisi wa spishi nyingine, Galiteuthis glacialis, wachanga huwa juu kuliko wakubwa. Ila msikariri: Machi 2025 kamera ilimnasa ngisi mkubwa mno, Mesonychoteuthis hamiltoni, akiwa bado mchanga, sentimita 30, kwenye mita 600 karibu na visiwa vya South Sandwich.